Nyumba Yako, Ardhi ya Mwenyewe

 Leo nataka tuzungumze habari ya nyumba bila ardhi. Ninyi mlioko Majengo, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, nawaomba msitoke karibu na redio, kwa maana mambo haya ni yenu. Nanyi mnaotusikiliza kutoka bara au ng'ambo, mtanivumilia nianze na maelezo kidogo, kwani nje ya Pwani jambo hili huwashangaza watu.

Hapa Mombasa mtu anaweza kununua nyumba, akalipa pesa zake mbele ya wakili na mashahidi, akaandikiwa makubaliano, akahamia na wanawe, na bado asiwe na hata futi moja ya ardhi iliyo chini ya nyumba ile. Ardhi ni ya mtu mwingine. Huyo mwenye ardhi huenda yuko Mji wa Kale, au Nairobi, au Maskati. Au amekwisha kufa, na ardhi imebaki mikononi mwa warithi ambao wengine hawajawahi kuonana. Mwenye nyumba hutoa kodi ya ardhi, mara nyingi kwa wakala anayezunguka na kitabu cha risiti. Nyumba ni mali yake. Ataikarabati, ataipangisha, ataiuza, na akifa wanawe watairithi. Lakini ruhusa ya nyumba hiyo kusimama pale iliposimama si yake, na ruhusa hiyo huishi mwezi hadi mwezi.

Nitasema mapema ninaloliamini, ili mnipime mkiendelea kunisikiliza. Naamini mtu anayekaa nyumba bila ardhi, akalipa kodi yake kwa uaminifu, anatendewa na sheria ya Kenya vibaya kuliko mvamizi. Na naamini dawa yake ya kwanza ni mkataba mrefu, ulioandikwa na kusajiliwa, pamoja na haki ya kuwa mnunuzi wa kwanza ardhi ikiuzwa. Hatimiliki za kugawiwa majukwaani nyakati za siasa naziweka nyuma ya hayo. Najua wengi mnataka hati na si mkataba. Nipeni nafasi nieleze.

Tuanze na asili yake. Zamani katika Mwambao huu, ardhi, mti na nyumba vilihesabiwa kuwa mali tatu mbalimbali. Mnazi wa mtu uliweza kusimama katika shamba la mwingine, na kila mmoja akajua chake. Mtu aliomba mahali, akapewa, akajenga kwa miti, udongo na makuti, kisha akatoa kodi ndogo ya kukiri kwamba ardhi ile ina mwenyewe. Mila iliuruhusu mpango huo, na sheria ya Kiislamu haikuukataa. Watu walijuana kwa majina na kwa koo, na nyumba yenyewe iliweza kubomolewa na kujengwa kwingine bila hasara kubwa.

Wakaja Waingereza. Mnakumbuka kwamba ukanda huu wa maili 10 nao ulikuwa wa kukodi: ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na Waingereza walimlipa kodi ya kila mwaka. Mwaka 1908 ikatungwa Sheria ya Hati za Ardhi. Kila aliyedai ardhi katika ukanda alitakiwa afike mbele ya msajili athibitishe madai yake. Ardhi ambayo haikudaiwa na mtu ikawa ya serikali ya kikoloni. Sasa fikirini ni nani mwaka ule alikuwa na maandishi, aliyeijua mahakama na lugha yake. Koo za Kiarabu, baadhi ya Waswahili wa Thenashara Taifa (yale makundi kumi na mawili ya Mombasa), wafanyabiashara wa Kihindi. Wamijikenda walijua mipaka yao kwa kaya, kwa makaburi na kwa miti, na wengi wao hawakufika mbele ya msajili huyo. Waliofika na kukubaliwa walipewa umiliki wa daima, usio na mwisho wala masharti ya kuendeleza ardhi.

Sisemi haya ili kumnyooshea mtu kidole kwa ukoo wake. Wapo Waarabu na Waswahili leo wanaokaa nyumba bila ardhi, na mashamba yale mengi yamekwisha kuuzwa mara nyingi, yakaingia mikononi mwa watu wa kila kabila. Nasema ili tuelewe kwamba tunachokishughulikia ni kazi ya sheria. Kilichofanywa na sheria, sheria inaweza kukirekebisha.

Uhuru ulipokaribia, Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, walikubaliana kuhusu Ukanda. Mwambao ukaingia Kenya, na Kenya ikaahidi kulinda mahakama za Kadhi na kuzitambua hati za umiliki wa daima zilizokwisha kusajiliwa. Hati zikavuka salama hadi upande wa pili wa uhuru. Watu waliojenga juu ya ardhi za hati hizo hawakutajwa.

Na watu hao walikuwa wengi, maana huku nyuma mji ulikuwa umekua. Miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilipanga mji upya, na Majengo ikakua kuwa mtaa mkubwa wa Waafrika. Mwenye shamba alikubali ardhi yake ikatwe viwanja, manispaa ikaweka njia, na kila aliyeweza akajenga nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma. Chumba kimoja cha familia, vingine vya wapangaji. Nyumba hizi ndizo zilizowapokea makuli wa bandari ya Kilindini, wafanyakazi wa reli, wapishi, mafundi, watu waliotoka kila pembe ya Afrika Mashariki. Mwaka 1939 wafanyakazi wa Mombasa walipogoma, mojawapo ya madai yao makubwa lilikuwa pesa za pango, kwa sababu waajiri hawakuwajengea makazi. Serikali haikuwajengea. Kampuni za meli hazikuwajengea. Waliojenga ni wananchi wa kawaida, kwa akiba zao, juu ya ardhi isiyo yao.

Tena wengi wa wenye nyumba hao walikuwa wanawake. Mwanamke aliyeachwa, au mjane, au aliyefanya biashara ya mikeka, vitumbua na nazi, aliweka shilingi juu ya shilingi hadi akasimamisha nyumba ya vyumba sita. Ile ndiyo iliyokuwa pensheni yake. Mpaka leo ukizunguka Majengo utawakuta wajukuu wakiishi kwa kodi ya vyumba vya bibi. Hili nalitilia mkazo kwa sababu kila tunaposikia neno skwota, fikra zetu huenda kwa mtu aliyevamia usiku na mabati yake. Bibi huyu hakuvamia. Aliomba, akakubaliwa, na akalipa.

Nao jirani zetu wa Zanzibar waliyapitia haya haya. Ng'ambo ya Mji Mkongwe ilijengwa vivyo hivyo: nyumba za watu juu ya ardhi za wengine na ardhi za wakfu. Miaka ya 1920 wenye ardhi wakapandisha kodi, na mwaka 1928 watu wa Ng'ambo wakagoma kulipa. Serikali ya kikoloni, ambayo haikuwa na mazoea ya kuwasikiliza watu wa Ng'ambo, ililazimika kutunga sheria ya kudhibiti kodi za ardhi. Baadaye, baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi yote ikafanywa mali ya serikali, na mwenye kudai kodi ya kiwanja akawa hayupo tena. Njia hiyo ina habari zake na machungu yake, wala siipendekezi kwa Mombasa. Nataka tu mjue kwamba suala hili lilikwisha kutikisa mji mmoja wa Waswahili karibu miaka 100 iliyopita, na kwamba sheria ya kuilinda nyumba iliyojengwa katika ardhi ya mwingine si ndoto mpya.

Sasa nije kwa sheria zetu za leo, na hapa nawaomba msikilize kwa makini.

Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema hivi: ikiwa unakodi ardhi, na hakuna maandishi yanayoeleza ukodishaji ni wa muda gani, basi muda wako ni ule wa kodi unayolipa. Ukilipa kwa mwezi, wewe ni mpangaji wa mwezi. Mwenye ardhi akitaka kuvunja makubaliano, notisi anayotakiwa kukupa isipungue mwezi huo mmoja. Mtu amezaliwa katika nyumba, baba yake alizaliwa humo, nyumba ilikwisha kubadilishwa kutoka udongo na makuti ikawa ya matofali na bati, kisha ikapanda gorofa. Na kwa macho ya sheria, ukodishaji wake ni wa siku 30.

Tazameni upande wa pili. Kenya inayo sheria inayoweka muda wa kufungua kesi za ardhi. Mtu akiingia katika ardhi ya mwingine bila ruhusa, akakaa wazi, bila kificho na bila kukatizwa, kwa miaka 12, anaweza kwenda mahakamani kuomba ardhi hiyo iandikwe kwa jina lake. Mahakama zetu zimewapa wengi haki hiyo. Lakini anayelipa kodi hana njia hiyo. Kila risiti aliyonayo ni ushahidi kwamba yupo pale kwa idhini ya mwenyewe, na mwenye idhini hahesabiwi miaka. Hata akikaa miaka 60. Tena yale marekebisho ya sheria za ardhi ya mwaka 2016 yanataka mtu anayekaa katika ardhi ya mwenzake bila idhini apewe notisi isiyopungua miezi 3 kabla ya kuondolewa. Miezi 3 kwa aliyeingia bila kuuliza. Mwezi mmoja kwa aliyeuliza.

Mimi sioni namna ya kulitetea jambo hili. Sheria inayomfunza raia kwamba angefaidika zaidi kama angevamia ni sheria yenye kosa ndani yake.

Na si kwamba nchi hii haijui kumlinda mpangaji wa ardhi. Inajua sana, pale mpangaji anapokuwa mkubwa. Mwenye kukodi ardhi ya serikali kwa miaka 99, awe na hoteli au ghala au jumba la kifahari, muda wake ukikaribia kwisha, Sheria hiyo hiyo ya Ardhi inaitaka Tume ya Taifa ya Ardhi imjulishe mapema, na akiwa raia wa Kenya apewe nafasi ya kwanza ya kupata ardhi hiyo tena, isipokuwa kama inahitajika kwa kazi ya umma. Sababu yake ni nzuri: mtu huyu amejenga, ameendeleza, haifai atupwe nje na jengo lake. Basi bibi wa Majengo hakujenga? Kisauni haikuendelezwa na watu wa Kisauni?

Matokeo ya mambo haya tunayaona kila siku, ingawa hatuyaunganishi. Benki haipokei nyumba bila ardhi kuwa dhamana, kwa sababu dhamana ni ardhi. Kwa hiyo mwenye nyumba hujenga kidogo kidogo kwa pesa za chama, za mtoto aliye Saudia, za mkopo wa riba kubwa. Kibali cha ujenzi kinadai uthibitisho wa umiliki au idhini ya mwenye ardhi, na mwenye ardhi akiwa mbali au akikataa, nyumba hupandishwa bila mchoro uliokubaliwa wala mhandisi wa kukagua nguzo. Nyumba za vyumba sita zinavunjwa, zinasimama gorofa za orofa nne na tano juu ya ukodishaji wa mwezi hadi mwezi. Watu wananunua nyumba katika gorofa hizo kwa makubaliano ya wakili peke yake. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020, inayomwezesha mtu kupata hati ya nyumba yake moja ndani ya gorofa, haiwezi kuwasaidia, maana inahitaji ardhi iwe na umiliki wa daima, au mkataba wa kukodi uliobakisha angalau miaka 21. Ninyi mnaolipia nyumba za namna hiyo kwa awamu, ulizeni swali hilo kabla ya kulipa awamu nyingine: chini ya jengo hili, ardhi ni ya nani, na mjenzi ameikodi kwa mkataba gani, wa miaka mingapi?

Kuna jambo la thamani pia, nalo huniuma kuliko mengine. Kabla ya 1980, kwenda Kisauni kutoka kisiwani Mombasa ulipita daraja la kuelea. Mwaka ule likafunguliwa Daraja jipya la Nyali, na upande wa pili ukawa mji. Mwaka 1999 Mombasa ilikuwa na watu 665,018. Mwaka 2019 walikuwa 1,208,333. Shamba la minazi lililokuwa na bei ya shamba limekuwa viwanja vya bei ya mji. Nani aliyeipandisha thamani hiyo? Daraja lilijengwa kwa pesa za umma. Maji, nguzo za umeme, shule, barabara, ni pesa za umma. Maduka, misikiti, makanisa, madrasa, soko na msongamano wenyewe wa watu unaofanya kiwanja kitamaniwe, hayo yaliletwa na wenye nyumba na wapangaji wao. Mwenye hati anaweza kuwa hakuongeza hata jiwe moja. Lakini siku ya kuuza, thamani yote ni yake, na siku ya barabara mpya kupita, fidia ya ardhi ni yake, naye mwenye nyumba ahangaike na fidia ya kuta.

Katiba ya 2010 iliona shida hiyo, lakini iliigusa kwa ncha ya kidole. Ibara ya 40 inasema kwamba ardhi inapotwaliwa na serikali, panaweza kuwekwa utaratibu wa kuwafidia wanaoikalia kwa nia njema ingawa hawana hati. "Panaweza." Haikusema lazima. Nayo Sera ya Taifa ya Ardhi ya 2009 ilikwisha kuitaja Pwani waziwazi, ikawataja wenye ardhi wasiokaa kwenye ardhi zao na wapangaji wasio na usalama. Sera ikatajwa kwenye semina, ikanukuliwa kwenye ripoti, na mwenye nyumba wa Kisauni hajaona tofauti.

Haki inanitaka niseme pia upande wa mwenye ardhi, kwa sababu si wote ni matajiri wa kukaa Ulaya wakisubiri kodi. Nimekutana na warithi ambao shamba la babu yao lina watu mamia, kodi wanayolipwa ni ya miaka mingi iliyopita, na nusu ya wapangaji hawalipi kabisa. Mirathi imegawa shamba moja kwa watoto, wajukuu na vitukuu, wengine wako Omani, wengine Jeddah, na hakuna anayeweza kuuza bila sahihi za wote. Wakienda kudai kodi wanaitwa wanyonyaji. Wakienda mahakamani wanaitwa makatili. Ardhi ni mali yao kwa karatasi, na hawawezi kuitumia wala kuikopea. Na ziko ardhi za wakfu, ambazo mapato yake yalikusudiwa msikiti, mayatima au maji ya umma; kodi isipolipwa pale, anayedhulumiwa si tajiri. Mpango wowote utakaowapuuza watu hawa utaishia kwenye kesi za miaka 20, na hizo tunazo za kutosha.

Serikali imejaribu nini? Njia yake ya kawaida imekuwa kununua. Mfano mkubwa ni lile shamba la ekari 930 kule Likoni, lililokuwa na mzozo wa miaka mingi baina ya mwenye hati na maelfu ya wakazi. Serikali ililinunua, na Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta akaja kugawa hatimiliki. Watu walifurahi, na mimi niliwafurahia. Kisha wakazi wakaambiwa kila mmoja alipe shilingi 182,000 kidogo kidogo, na manung'uniko yakaanza: wengine walisema hawana, wengine wakasema hawawezi kuuziwa ardhi waliyoihesabu kuwa yao tangu mwanzo.

Njia ya kununua naiona ina kasoro mbili. Ya kwanza ni ugumu wake wa pesa: bei hupangwa kwa thamani ya leo, ile ile iliyopandishwa na wakazi na umma, kwa hiyo wananchi wanailipia mara mbili. Ya pili ni ya siasa. Shamba linalonunuliwa ni lile lenye kelele na kura. Mtaa mkimya wa watu wanaolipa kodi kwa utaratibu hautafikiwa, kwa kuwa hakuna mzozo wa kumletea mtu sifa akiutatua.

Kwingine waliotaka kulimaliza jambo hili hawakungoja mkono wa kiongozi. Walimpa mpangaji mwenyewe haki mkononi. Uingereza, ambayo sheria zake ndizo tulizorithi, ilipitisha sheria mwaka 1967 ya kumruhusu mwenye nyumba aliyekodi ardhi kwa muda mrefu kumlazimisha mwenye ardhi amuuzie, au amwongezee miaka 50. Mwaka huo huo Hawaii, jimbo la visiwa la Marekani, ilikuwa na tatizo ambalo mtu wa Mombasa angelitambua mara moja. Karibu asilimia 49 ya ardhi ilikuwa ya serikali, na asilimia 47 nyingine ilikuwa ya wamiliki binafsi 72 tu. Katika kisiwa cha Oahu, ulipo mji wa Honolulu, wamiliki 22 walishika asilimia 72.5 ya ardhi yenye umiliki wa daima. Familia za kawaida zilijenga nyumba juu ya ardhi za kukodi. Hawaii ikatunga sheria: wakazi wa eneo wakiomba kwa idadi iliyowekwa, jimbo litaitwaa ardhi kwa fidia ya haki, kisha litawauzia wale wanaoikalia. Wenye ardhi wakashtaki, wakisema serikali haiwezi kumnyang'anya mtu binafsi ili kumpa mtu binafsi mwingine. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1984 majaji wote walioisikiliza wakakubaliana kwamba kuuvunja ukiritimba wa ardhi ni kazi halali ya umma. Na hiyo ni nchi inayoitukuza mali ya binafsi kuliko karibu nchi nyingine yoyote.

Bei za nyumba kule Hawaii hazikushuka kwa sababu ya sheria hiyo, na sitawaahidi kwamba za Mombasa zitashuka. Usalama wa makazi na unafuu wa bei ni mambo mawili. Bado usalama ni kitu kikubwa: ndio unaomfanya mtu ajenge choo cha kudumu, amsomeshe mwanawe bila kuogopa barua, akope benki badala ya kukopa mtaani.

Ndiyo maana nasema mkataba kwanza. Ningependa Bunge liirekebishe Sheria ya Ardhi iseme kwamba mtu mwenye nyumba ya kudumu katika ardhi ya mwingine mjini, aliyekaa kwa idhini na kulipa kodi kwa miaka 12, atahesabiwa kuwa na mkataba wa miaka isiyopungua 50, unaosajiliwa kwenye daftari la ardhi na unaorithiwa na kuuzwa pamoja na nyumba. Miaka 12 nimeichagua makusudi, ili mlipaji kodi asiwe nyuma ya mvamizi. Kodi ipandishwe mpaka kiwango cha haki, ipimwe upya kila baada ya miaka kadhaa na mtu asiye wa upande wowote, ili mwenye ardhi naye apate kitu cha maana. Sehemu hii wapangaji hawataipenda, lakini kodi ya shilingi za enzi za babu haiwezi kulindwa milele. Ardhi ikiuzwa, wenye nyumba waulizwe kwanza. Ikitwaliwa na serikali, fidia ya ardhi igawanywe baina ya mwenye hati na mwenye mkataba, kwa lazima ya sheria. Na ardhi za wakfu zisiuzwe, maana wakfu hauuzwi, lakini mkataba mrefu wenye kodi ya haki unaufaa wakfu kuliko ugomvi wa sasa.

Ubora wa mpango huu ni kwamba hazina ya serikali haihitaji mabilioni, wala mwenye ardhi hanyang'anywi hati yake. Mwenye mkataba wa miaka 50 anaweza kwenda benki, na anaweza kuomba kibali cha ujenzi kwa jina lake. Akitaka kununua ardhi kabisa, atakuwa anazungumza bei na mwenyewe akiwa amekaa kitako, bila notisi ya siku 30 mfukoni.

Nimesikia vijana wakishauriana katika mabaraza kwamba dawa ni kuacha kulipa, ili miaka 12 ianze kuhesabiwa. Nawasihi msifanye hivyo. Kuacha kulipa kunampa mwenye ardhi sababu ya kukupeleka mahakamani kesho, na kunaipotezea nyumba yako ule uaminifu ambao ndio hoja yetu kubwa kuliko zote. Lipeni, na mtake risiti yenye jina, tarehe na namba ya kiwanja. Zile za wazazi wenu zilizo kwenye masanduku zitoeni, zipigwe picha, zihifadhiwe; ndizo zitakazothibitisha nia njema siku barabara ikipita. Nendeni ofisi ya ardhi mkaulize hati iliyo chini ya nyumba zenu imeandikwa jina la nani leo, maana wengi mnamlipa wakala wa mtu aliyekwisha kuuza. Na kama mwenye ardhi wenu ni mtu wa kuzungumza naye, kaeni naye mtaa mzima kwa pamoja na wakili mmoja, muombe mkataba wa maandishi wa miaka mingi. Wenye ardhi wengine wangeukubali leo kama wangehakikishiwa kodi ya kueleweka.

Kwa wabunge na maseneta wa Pwani nina ombi moja. Kila baada ya miaka 5 mnakuja Majengo na Kisauni kuahidi hatimiliki. Safari hii leteni mswada. Uandikeni, ukasomwe Bungeni, wenye ardhi na wenye nyumba waje watoe maoni yao hapa Mombasa, na sisi katika redio hii tutausoma hewani kifungu kwa kifungu, na kila atakayeupigia kura ya ndiyo au ya hapana tutamtaja kwa jina.